Aliyemchuna Sultani

Hamdun alirudi nyumbani akinuka sabuni, na hapo ndipo Hayat alipoanza kumshuku.

Mshona makubadhi hanuki sabuni. Hunuka ngozi, gundi, na jasho la kukaa kitako kutwa nzima. Hayat aliolewa na harufu hiyo, akaitukana, akaizoea, na mwisho akawa hapati usingizi bila hiyo. Leo mume ameingia kwa mlango wa uani adhuhuri, nywele zimelowa, kucha zimesuguliwa zikang'aa kama za bwana harusi, na kwapani ana mfuko wa mchele wa pishori.

"Mchele huu wa nani?"

"Wetu."

"Ukishaingia jikoni kwangu ni wetu, hilo najua. Nauliza ulikuwa wa nani kabla."

"Nimeuza viatu, Hayat."

"Umemuuzia nani? Rafu ile pale. Makubadhi uliyoshona mfungo uliopita bado yapo, yameshaota ukungu."

Ukumbini, Bi Mwanamkisi, mamake Hamdun, alikuwa anasuka ukili. Hakuinua uso. "Mwanamume akioga mtana, na yeo si Ijumaa," akasema, "basi ana jambo."

"Mama!"

"Nazungumza na ukili wangu, mwanangu. Wewe endelea kunukia."

Hayat hakucheka. Alikwisha kumwona huyo mwanamke moyoni mwake: mjane wa mji wa Faza, mnene, mwenye sauti ya kuvuta, anayemwambia Hamdun aoge kwanza kabla hajakaa kitandani. Kwani mchele utatoka wapi? Mji mzima wa Siyu huvaa ndara za mpira. Makubadhi siku hizi hununuliwa na wazee wa msikitini na mabwana harusi, nao hununua kwa sababu moja tu: Hamdun ni mtu wa udhu, na ngozi yake ni ya mbuzi na ng'ombe waliochinjwa kwa bismillahi. Mtu aweza kwenda nayo mpaka mlango wa msikiti bila wasiwasi. Jina hilo ndilo duka lao, na duka lenyewe lilikuwa halina mteja.

Usiku wali ulinukia nyumba nzima. Hayat aliula. Aliula akimtazama mumewe vidole, vilivyopasuka na kuwa vyekundu kwenye maungio, na kila tonge alijiuliza mwanamke gani huyo anayepasua vidole vya mtu.

Asubuhi Bi Ruwaida alibisha hodi kwa mguu.

Huyu alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mjane mwenye ulimi mkali na punda mmoja. Punda huyo, Sultani, ndiye aliyebeba maji, nazi, mawe ya kujengea na magunia ya mtaa wote. Bi Ruwaida alimlisha maganda ya embe kwa mkono na kumtukana kwa mapenzi tangu alfajiri hadi magharibi.

"Sultani hakulala nyumbani," akasema. "Hajapata kulala nje huyu. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwa na adabu hiyo."

"Labda anaumwa, amepelekwa zizini," Hayat akasema.

"Hana kipuli! Nani atampeleka?"

Kipuli kilikuwa kile kitambulisho cha manjano cha sikioni cha Mradi wa Punda Salama. Aliyeuleta mradi huo ni Bwana Khatib, mtu wa Mkomani kule Amu, mwana wa nyumba kubwa yenye milango ya nakshi. Serikali, alisema, imempa dhamana ya kuwalinda punda wa visiwani. Alifika Siyu kwa mashua maji yakiwa yamejaa, kanzu imepigwa pasi, akatoboa punda masikio, akawadunga sindano. Wenye kukohoa aliwachukua kwenye zizi la mradi, kule nyuma ya mashamba ya minazi, karibu na mikoko, ili wapumzike. Na wengi walipumzika moja kwa moja. Bwana Khatib alikwenda nyumba hadi nyumba kutoa pole: tumemzika, maradhi yanaambukiza, msiende kule.

Katika mashua hiyo hiyo alikuja mtu mwingine, Wazir, mnunuzi wa ngozi kutoka bara. Yeye hakudunga mtu wala mnyama. Alikodi chumba, akatandika mkeka, akabadilisha ngozi za mbuzi na ng'ombe kwa sukari, taa za sola na simu zenye vioo vilivyopasuka. Watu walimpenda. Kilichowachoma ni kitu kidogo: Wazir na Bwana Khatib wakikutana njiani hawakusalimiana.

"Watu wameya kwa chombo kimoya," Bi Mwanamkisi alisema siku moja, "wametapika bahari moya, wakifika bandarini hawajuani. Hiyo ni adabu mpya au ni uongo wa kale?"

Bi Ruwaida ndiye pekee aliyekataa sindano na kipuli. "Sultani si bibi harusi hata nimtoboe sikio," alimwambia Bwana Khatib mbele za watu, na watu wakacheka, na Bwana Khatib naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Siku ya tatu, wanawake waliokwenda kuokota kombe maji yakiwa yametoka walikuta kichwa cha Sultani kwenye matope ya mikoko, na miguu minne kando. Walivifunga kwenye leso wakaja navyo hadi uani kwa Bi Ruwaida. Hakulia. Alivipanga chini mguu mmoja mmoja, kama mtu anayepanga viatu vya wageni.

"Itazame hii," mwanamke mmoja akasema. "Imekatwa kwenye kifundo, duara, haina hata uzi. Mwivi ana haraka. Huyu hakuwa na haraka."

"Huu ni mkono wa fundi."

Kisha wote wakakumbuka kazi zao, na walipotoka kila mmoja alimpitia Hayat kwa mbali kidogo kuliko kawaida, kama apitaye penye mbwa.

Hayat alibaki ameikodolea macho miguu ile. Lile duara alilijua. Ndilo duara ambalo mumewe hulikata kwenye ngozi anapotoa ukanda wa kidole, akizungusha kisu mara moja bila kukiinua. Alikuwa ameliona kwenye viatu vya harusi yake mwenyewe.

Alasiri wanaume walikutana barazani penye msikiti. Wanawake walikaa upande wa pili wa ukuta, ambapo husikia kila kitu na hawaulizwi chochote. Bwana Khatib alisimama katikati, mpole kama maji ya mtungi.

"Ndugu zangu, mimi nimekuja kuwalinda punda na maradhi. Sikujua kuwa kuna maradhi ya aina hii, ya mtu na kisu chake. Leteni punda wote zizini, wenye kipuli na wasio na kipuli, niwawekee mlinzi. Na huyo mwizi, nyinyi mna dawa yenu. Someni Halbadiri."

Watu walinong'ona. Halbadiri si jambo la mchezo. Watu wa Badri wakisomwa dhidi ya mwizi, mwizi hatoki salama: tumbo huvimba, ulimi humtoka, au hufa akikitaja alichoiba. Siyu haikuwa imeisoma kwa muda mrefu, kwa kuogopa kumkuta jamaa.

"Ubani na kahawa ni juu yangu," Bwana Khatib akasema. "Alhamisi, baada ya alasiri. Na niya iwe wazi: apatwe yule aliyetia kisu punda wetu."

"Kila mwenye nyumba ahudhurie aseme amin," akaongeza mzee mmoja. "Asiyekuja tutajua kwa nini hakuja."

Nyuma ya ukuta, Bi Ruwaida alisema "Amin" kabla hata ya Alhamisi.

Kesho yake Hamdun aliaga kuwa anakwenda shambani kutazama minazi. Hayat alimwacha apotee kwenye kona, akavaa buibui, akatoka nyuma yake. Njia nzima alikuwa akiomba. Aliomba dua ambayo hakuwahi kufikiri mke aweza kuiomba: Ewe Mola, na awe mwanamke. Awe wa Faza, awe mnene, awe na sauti ya kuvuta. Nitamkaribisha. Nitampikia.

Hakukuwa na mwanamke. Nyuma ya minazi kulikuwa na zizi la miti ya mikoko, na ndani yake punda waliosimama wamebanana, wazima, vipuli vya manjano vikitikisika walipofukuza nzi. Hakuna aliyekohoa. Kando, kivulini, Bwana Khatib na Wazir walikuwa wamekaa mkeka mmoja, wakinywa chai kwa birika moja. Wazir alisema jambo, na Bwana Khatib akampiga kibega kwa kicheko, kama wafanyavyo watu waliosoma chuo kimoja.

Na hatua chache kutoka hapo, kifua wazi, Hamdun alikuwa ameinama juu ya kitu cha kijivu, akizungusha kisu mara moja bila kukiinua. Pembeni yake magunia ya chumvi, na ngozi zimelazwa moja juu ya nyingine kama mikate.

Hayat alirudi nyumbani. Hakujua alipita njia gani.

Hamdun alipoingia, akinuka sabuni, alimkuta mkewe amekaa kwenye kigoda chake cha kushonea, na visu vyake vyote vimepangwa sakafuni.

"Kipi ulimchunia Sultani?" Hayat akauliza.

Hamdun aliegemea mlango. Aliufunga. Aliufungua tena, akachungulia nje, akaufunga.

"Sikumwua," akasema. "Wanaoua ni vijana wa Wazir. Mimi nilimchuna tu."

"Tu?"

"Nisikilize. Mwanzo Bwana Khatib alikuja hapa dukani. Akaniambia punda wanakufa kwa maradhi, ngozi zao lazima zitolewe zichomwe, serikali inataka mtu mwenye mkono. Nikasema mimi ni mtu wa msikitini, siwezi kugusa mzoga wa punda. Akasema hakuna atakayejua. Nikafanya. Wa kwanza alikuwa amekufa kweli, wa pili amekufa kweli. Kisha nikaona ngozi hazichomwi. Zinatiwa chumvi."

"Ukauliza?"

"Niliuliza. Wazir akaniambia huko ng'ambo huzichemsha, zikawa dawa ya wanawake, ngozi ya uso iwe nyororo."

Kutoka ukumbini sauti ikasema, "Ngozi ya punda? Basi Ruwaida angekuwa malaika kwa alivyomkumbatia yule mnyama."

"Mama, tafadhali!"

"Nimenyamaza."

Hamdun alikaa chini, sakafuni, kati ya visu vyake. "Halafu akaja Sultani. Alikuja kwa miguu yake, Hayat, masikio juu, hana kipuli, hana kikohozi. Aliponiona alinijua. Akaja kuninusa mfukoni, maana mimi humpa maganda ya embe nikimpita. Nikasema, Bwana Khatib, huyu ni wa jirani yangu. Akaniambia, huyu ni wa mwanamke aliyenicheka. Nikasema sitamchuna. Akanicheka mimi sasa. Akaniambia: wewe Hamdun, wali umeshaula. Ukitoka hapa useme, sema. Lakini ukishasema, ni nani Siyu atakayeingiza mguu wake kwenye kiatu ulichoshona kwa mkono huo?"

Hayat aliitazama rafu ya makubadhi.

"Nikamchuna," Hamdun akasema. "Na sasa niya ni aliyetia kisu. Kisu ni changu. Tazama." Akanyoosha mikono. Vidole vilikuwa vimepasuka hadi vinachuruzika. "Imeshaanza."

Bi Mwanamkisi aliingia akiburuta ukili wake, akamshika mwanawe mkono, akautazama kwa jicho moja, akaugusa kwa ulimi.

"Halbadiri haiyasomwa, mjinga wewe. Hii ni tumvi."

"Bwana Khatib amenipa nafasi kwenye mashua ya Alhamisi asubuhi," Hamdun akasema. "Anasema niende Amu nikakae mpaka mambo yapoe."

"Ndiyo," Hayat akasema polepole. "Uende. Majina yaitwe, la Hamdun likose mtu. Siyu yote iseme: ni yeye. Basi hakuna tena atakayetazama kwenye zizi. Mwizi amepatikana, amekimbia, na Bwana Khatib awachukue punda waliobaki awalinde." Akasimama. "Hakukupa nafasi kwenye mashua, Hamdun. Amekutia kwenye gunia la chumvi pamoja na wengine."

Maalim Mahdi, imamu, alimpokea Hayat barazani, mlango wazi kama inavyostahili, na mkewe akifuma ndani.

"Maalim, nina suala la dini."

"Uliza, Bi Hayat."

"Niya ya Halbadiri yaweza kupanuliwa?"

"Kupanuliwa vipi?"

"Tuseme mtu ametia kisu. Lakini yuko aliyenunua, na yuko aliyemleta mnunuzi. Wao hawakugusa kisu. Watapatwa?"

Maalim alikuwa mzee mwenye nyusi nene, na nyusi hizo ndizo zilizofanya kazi kabla ya mdomo. "Halbadiri ni mshitaki. Huenda ilikotumwa. Ukiituma kwa mwenye kisu, itakwenda kwa mwenye kisu."

"Basi itumeni kwa wote."

"Niitume kwa nani nisiyemjua? Nikisimama nikawatia mnunuzi na wakala, na hakuna aliyeniambia kuwa wapo, nitakuwa nimemzulia mtu. Niletee mtu aliyeona."

"Na huyo aliyeona, ikiwa mikono yake pia imo?"

Ndani, sindano ya kufumia ilisimama. Maalim alishusha sauti.

"Bi Hayat, nitakuambia la kitabu na nitakuambia la Siyu. Kitabu chasema mwenye kugusa najisi ataosha, atatahirika, yamekwisha. Siyu haijasoma kitabu hicho. Anayesema lazima ajue kuwa nitamhukumu kwa kitabu, lakini ataishi Siyu."

Hayat aliinuka. Mlangoni aligeuka. "Na akinyamaza?"

"Ataishi Siyu vile vile," Maalim akasema, "ila yeye peke yake ndiye atakayejua anaishi na nani."

Alhamisi asubuhi mashua ya mradi iliondoka na ngozi, chini ya turubai, na Wazir juu ya turubai. Bwana Khatib alibaki. Alisema atafuatwa maji yakijaa tena jioni, kwani hawezi kuwaacha ndugu zake siku kama hiyo. Nafasi ya Hamdun ilikwenda tupu. Hayat alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba tangu alfajiri, si kwa nguvu, bali alikuwa ameketi tu, na mtu mzima haruki juu ya mkewe.

"Nikisema, tutakula nini?" Hamdun aliuliza kutoka ndani.

"Sijui."

"Nikisema, mama atazikwa na nani? Nani atabeba jeneza la mamake mchuna punda?"

"Msinitie mimi," Bi Mwanamkisi akaitika. "Nitakwenda makaburini kwa miguu yangu, niwaondoshee udhia."

Hamdun alicheka, na kicheko kikamgeukia katikati kikawa kitu kingine. Kisha akasema, "Nipe kanzu yangu."

Baada ya sala ya alasiri ubani ulifuka hadi njiani. Wanawake walijazana kwenye kivuli cha ukuta. Bi Ruwaida mbele, ameshika kamba tupu ya Sultani. Majina ya nyumba yaliitwa, na kila mwenye nyumba aliitika. Lilipoitwa la Hamdun, ilipita pumzi moja. Kisha sauti yake ikasikika, nyembamba, kama ya mtu aliyeitwa chuoni.

"Nipo. Nami nina neno kabla ya kusoma."

Hayat aliuma pembe ya buibui yake.

"Niya yenu ni ndogo," Hamdun akasema. "Mkono uliomchuna Sultani ni huu wangu. Na wengine pia nimewachuna. Kila niliyemchuna, Bwana Khatib alikuwa kivulini anakunywa chai na Wazir. Punda hawazikwi. Ngozi zao zimetoka leo asubuhi kwa mashua ya mradi. Basi someni. Mimi niko ndani. Lakini mtieni na aliyenunua, na aliyemkabidhi punda wenu."

Hakuna aliyepiga kelele. Siyu haipigi kelele inapoumia. Inatulia kama anayesikiliza jino lake. Aliyesema kwanza ni Bwana Khatib, naye hakupandisha sauti.

"Mmemsikia. Mtu mwenye damu mkononi hutafuta mwenzake wa kushika naye mkono. Mnijue mimi ni nani. Mnajua nyumba yetu. Mtu huyu amekiri mbele ya msikiti kuwa ni mchuna punda. Nanyi mmevaa viatu vyake mlangoni hapo!"

Minong'ono ikapanda. Hayat alisikia mtu akitema mate. Imekwisha, alifikiri. Amejichoma moto mwenyewe, na aliyewasha anaota.

"Bwana Khatib amesema kweli," Maalim Mahdi akasema, na mtaa ukatulia. "Hamdun amekiri. Wala hatuna haja ya kubishana nani mwongo, maana kazi hiyo leo tumewakabidhi watu wa Badri. Hamdun amesema asomewe, naye yumo. Basi niya ni hii: aliyeua, aliyechuna, aliyenunua, na aliyewatoa punda wa watu. Asiyekuwemo hana la kuogopa. Bwana Khatib, ubani ni wako, kahawa ni yako. Njoo ukae hapa mbele yangu, ubavuni mwa Hamdun. Tukimaliza wewe utaanza amin."

"Kwa furaha," Bwana Khatib akasema. Akapiga hatua moja. Akatazama saa yake. "Ila, Maalim, mnisamehe. Naona muda umenipita. Mashua yanisubiri. Maji yakitoka nitakwama mkondoni."

Hapo ndipo kilipopita kitu ambacho mtu wa Mkomani hakukiona, kwa kuwa alizaliwa kwenye gati lenye maji wakati wote. Siyu huishi kwa mkondo wake. Bandari hukauka ikawa tope, hujaa ikawa bahari, na hata kipofu wa Siyu anajua maji yako wapi kwa sauti ya mikoko. Vichwa vyote viligeuka upande wa mkondo, kisha vikarudi kwake.

"Mai yaingia, Bwana Khatib," akasema mzee mmoja kwa upole.

"Ndiyo kwanza yaanza," akasema mwingine. "Keti. Una wasaa mpaka isha."

Bwana Khatib alifungua mdomo. Jasho lilikuwa limetokeza juu ya mdomo wake, matone madogo madogo, na hakuna aliyemtukana. Walimsogezea mkeka tu. Hakukaa. Alisema jambo kuhusu simu, kuhusu ofisi, kuhusu kuripoti kuwa watu wa Siyu wamezuia kazi ya serikali, akapita katikati yao akivuta kanzu, na akashuka bandarini kwenda kuingoja mashua ambayo bado ilikuwa mbali sana.

Maalim Mahdi alifunga kitabu. "Naona kimeshasomwa," akasema.

Wanaume walikwenda moja kwa moja zizini wakavunja miti, na punda wakatoka mbio, kila mmoja akielekea kwao bila kuongozwa. Hapo msikitini, wazee waliochelewa kutoka walitazama viatu vyao mlangoni. Mmoja alivaa. Watatu walienda nyumbani miguu mitupu, na makubadhi yao yakabaki pale ngazini mpaka Hayat alipokuja kuyaokota.

Kesi ilipelekwa Amu. Waliambiwa inashughulikiwa. Mtu aliyetoka huko alisema Bwana Khatib haonekani ofisini, ila huonekana barazani kwao Mkomani jioni, kanzu imepigwa pasi, akieleza watu namna wakulima wa kisiwani wasivyotaka maendeleo. Wazir hakuonekana tena popote.

Kwa hiyo aliyebaki wa kuhukumiwa alikuwa Hamdun peke yake. Wazee wakamwuliza Bi Ruwaida anataka nini. Wengine walidhani atataka pesa, na Hayat alikwisha kuvua bangili zake akazifunga kwenye kitambaa.

"Pesa mtanipa mkazitoe wapi, nyumba ile imenuka umaskini hata paka wameihama," Bi Ruwaida akasema. "Sitaki pesa. Mimi nilikuwa na punda. Yeye ameniondolea punda. Basi awe yeye mpaka nipate mwingine."

Watu walicheka, wakidhani ni mzaha. Bi Ruwaida hakucheka.

Kesho yake alfajiri alikuja na shogi la Sultani, lile kapu la mifuko miwili linalolazwa mgongoni mwa mnyama, akalitupa mlangoni. Hamdun alilitazama. Kisha aliinama, akalivaa mabegani, mifuko ikaning'inia mbele na nyuma, akaenda kisimani. Madumu yalijazwa. Alipita mtaa mzima, shingo imetoka mishipa, na Bi Ruwaida nyuma yake akibweka amri zile zile: simama, geuka, songa, mvivu wewe. Watoto walilia kama punda. Watu wazima walisimama milangoni wakiwa na kikombe cha chai, na walioagiza maji walimwelekeza kwa kidole mahali pa kuyaweka, bila salamu. Mzee mmoja, mteja wake wa tangu zamani, alimwambia Bi Ruwaida, wala si yeye, "Mwambie asiguse mtungi. Amimine kwa mbali."

Hayat alivumilia siku hiyo. Ya pili alivumilia pia, akisugua bega la mumewe kwa mafuta ya nazi pale kamba ilipomla.

"Aniita kwa jina la punda," Hamdun alisema gizani.

"Lipi?"

"Sultani."

Bi Mwanamkisi alikohoa kule ukumbini. "Umepandishwa cheo," akasema. Na kisha, kwa sauti ambayo Hayat hakuwahi kuisikia kwake, "Lala, mwanangu. Lala."

Siku iliyofuata, walipopita mlangoni kwa Hayat, Hamdun aliteleza penye mawe. Dumu moja lilipasuka, maji yakamlowesha hadi kiunoni. Mtu alicheka. Bi Ruwaida hakumtukana. Alisimama tu, kamba mkononi, akiyatazama maji yakinyonywa na mchanga, na kwa mara ya kwanza Hayat aliona jinsi mwanamke huyu alivyochoka, na namna asivyojua amfanye nini mtu aliyeinama mbele yake.

Hayat alifunga leso kiunoni, akashuka mlangoni. Alitoa dumu moja kwenye shogi la mumewe, akaliweka juu ya kichwa chake mwenyewe, akasimama nyuma ya Hamdun.

"Wewe hukuhukumiwa, Hayat," Bi Ruwaida akasema.

"Najua."

"Watu wanakuona."

"Nawaona pia, Bi Ruwaida. Maji haya ni ya nyumba gani?"

Bi Ruwaida alimtazama, kisha akamtazama Hamdun, kisha milango yote iliyojaa vichwa. Aliizungusha kamba mkononi mwake mara kadhaa, akaifunga kiunoni, akaacha kutembea nyuma.

"Ya Maalim," akasema, akawatangulia. "Ndia ni hii. Angalieni mawe."